Masaa Tisa na Nusu

Mimi nauza nazi soko la Kariakoo, chini kule Shimoni, na wenzangu wote wa Shimoni wanajua kitu kimoja: mbele ya Shamsa usiseme Ulaya si mbali. Juzi mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alisimama mezani kwangu akijisifia binti yake aliyeko Uholanzi. "Ah, siku hizi karibu tu, masaa tisa hivi umefika." Nikamnyang'anya nazi niliyokuwa nimeshamchagulia. Nikamwambia akanunue kwa mwingine. Akabaki kanitolea macho. Masikini ya Mungu, hakukosa kitu yule. Lakini hasira zangu hazina breki, na maneno hayo nimelishwa miaka kumi na moja mpaka yamenikaba kooni.

Mwenye maneno hayo ni kaka yangu mkubwa, Fikirini. Mwenye hesabu ni kaka yangu wa pili, Haruna. Nataka nimseme Haruna, maana watu wapole wanasemwa siku ya mazishi tu, na huyu bado anatembea. Kila asubuhi anatoka nyumbani kwetu Mtaa wa Sikukuu, anakata Mnazi Mmoja kwa miguu, anaingia mjini Mtaa wa Mosque, kwenye ofisi ya Ravindra ya kukata tiketi za ndege. Aliingia pale mwaka wa themanini kama tarishi. Enzi zile nani alisafiri, jamani? Sabuni tu tulipanga foleni. Ukitaka kupanda ndege uombe kibali cha fedha za kigeni, na kibali kikitoka umeshasahau ulikuwa unakwenda wapi. Ofisi ilikuwa kimya. Ravindra anasoma gazeti, feni inazunguka, Haruna hana barua ya kupeleka. Basi akaanza kusoma kitabu cha ratiba za ndege za dunia nzima, kinene kama tofali. Watu wanahifadhi juzuu, yeye alihifadhi Karachi, Addis Ababa, Frankfurt na Bombei. Ndege inaondoka saa ngapi, inafika saa ngapi, inakaa hewani muda gani.

Juu ya kabati la Ravindra palikuwa na tufe la dunia, zawadi ya shirika moja la ndege. Haruna akawa anapima kwa uzi. Akikuta umekaza uzi wako kwenye ramani ya ukutani anakuja kuutoa. "Ramani imenyooshwa, Shamsa, inadanganya. Dunia ni duara." Anaupitisha uzi kwenye tufe, kutoka Dar es Salaam mpaka huko, anapiga fundo kila pale panapotimia saa moja ya ndege. Alikuwa na nyuzi kopo zima, kila mji na uzi wake. Nilimcheka sana. Nilimwambia kuna watu wanaokota vizibo vya soda, naye hatofautiani nao.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu alete mali ya nje. Wenyewe mnakumbuka. Mara maduka yakajaa, mara Kariakoo nzima inataka kwenda Dubai, inataka kwenda Bangkok, watu ambao safari yao ndefu ilikuwa Morogoro. Wote wakamiminika kwa Ravindra, na wote wanamtaka Haruna. "Haruna, Dubai masaa mangapi?" "Matano na robo hewani," anajibu bila kufungua kitabu. "Lakini hesabu manane. Saa ya hewani ni ya ndege. Saa ya chini ni yako wewe na begi lako." Msemo wake huo ulienea mpaka sokoni. Mtu akichelewa kufungua meza tunamuuliza, vipi leo, saa ya chini?

Na hakudanganya kamwe. Mektilda muuza viatu alimwendea mara moja amsaidie. Alitaka abaki Dubai siku moja zaidi kwa mambo yake, basi akamwomba Haruna amwambie mumewe kwamba ndege ya kurudi inachukua siku nzima. Haruna akakataa. Akamwambia, "Dada, mdanganye wewe, ni mumeo. Mimi ni masaa matano na robo." Mektilda alimmwagia soda ya chungwa kwenye shati. Haruna alikuja nyumbani ananata, hana hata hasira, anatafuta sabuni. Mimi ndiye niliyetaka kwenda kumng'oa Mektilda nywele. Hasira za nyumba hii zote nilipewa mimi.

Sasa huyo Fikirini. Mwaka wa themanini na tatu, asubuhi ya Ijumaa, alimwambia mama yetu Bi Mwanamkuu, "Mama, nakwenda Feri kununua samaki. Nusu saa nimerudi." Mama akakuna nazi, akainjika sufuria, akakaa na mwiko wake. Saa sita ikapita. Saa nane. Jioni mama akaiepua sufuria. Tukaulizia hospitali, tukaulizia polisi, Haruna akazunguka Kivukoni yote siku tatu akiwauliza wavuvi. Mama alikonda akabaki mifupa. Mwezi wa saba ndipo ikaja barua. Bwana mkubwa yuko Roterdamu. Alipanda meli siku ileile, alikuwa ameshapanga na mabaharia fulani tangu mwezi uliotangulia. Alikuwa na nguo zake ndani ya kapu la samaki.

Mama hakumlaani. Lakini radhi alizizuia. Kwetu sisi watu wa pwani radhi ya mama si maneno ya kupamba. Usipokuwa nayo, chochote unachoshika kinavunjika, na ukifa huko mbele unaulizwa. Fikirini analijua hilo, kalelewa nyumba hiihii. Kila akipiga simu ofisini kwa Ravindra siku ya Jumamosi, mama tunamfikisha pale, tunamshikisha simu, na yeye anaomba, "Mama, nipe radhi zako." Mama anamjibu neno moja miaka yote: "Radhi hazipiti kwenye waya. Njoo nikushike mkono. Na uje na samaki wangu."

Naye anacheka. "Mama nitakuja. Si mbali, masaa tisa na nusu tu! Muulize Haruna."

Alikuwa akimtumia Haruna kama shahidi! Kweli, kutoka Amsterdam mpaka hapa ni kilomita elfu saba na mia tatu na kitu, na ndege ni masaa tisa na nusu. Haruna hakuweza kusema vinginevyo. Na mama akaridhika nayo, maana kwake yeye hesabu ya safari ilikuwa nyingine. Dada yake alipougua Kilwa, masika, mama alikaa Ndundu siku tatu mchana na usiku, anangoja pantoni la kuvuka Rufiji, mvua yote inamwishia mgongoni. Siku tatu kwa ajili ya mto mmoja. Akavuka, akafika, akamlaza dada yake mapajani mpaka akakata roho. "Masaa tisa!" anasema. "Mimi masaa tisa nilikuwa sijamaliza hata mhogo wangu pale Ndundu. Mtoto yuko karibu. Atakuja."

Macho yake yalipoanza kuziba, yale ya mtoto wa jicho, Haruna alimfungia uzi wake mwenyewe. Uzi mnene wa katani, mafundo tisa, na mwisho kipande kifupi cha ile nusu. "Mama, huku Amsterdam, huku nyumbani. Kila fundo saa moja." Mama akawa halali bila huo uzi. Baada ya kila sala alishika tasbihi kwanza, akimaliza anashika uzi. Anapapasa fundo hadi fundo, anafika mwisho, anaanza tena. Mimi nikimwona natoka nje, nakwenda kumfokea mtu yeyote nitakayemkuta mlangoni.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, waliosema walisema kweli. Fikirini alituma redio ya kaseti. Alituma picha amesimama kwenye theluji na miwani myeusi. Majirani wanashangilia, "Mwanamkuu una mtoto Ulaya!" Na nani alimbeba mama akienda uwani? Nani alimkosha miguu? Haruna huyo mpole wa nyuzi. Lakini hakuna aliyesema Mwanamkuu una mtoto Mtaa wa Mosque.

Mwaka wa tisini na nne mashirika yalimpa Ravindra tiketi ya bure kama kawaida yao, ofisi ikiuza vizuri hupewa moja kwa mwaka. Siku zote alimpa mtu wa kwao. Mwaka ule akamwita Haruna mezani. "Haruna bhai, umewarusha Kariakoo wote, wewe mwenyewe hujaruka hata juu ya Mnazi Mmoja. Safari hii ya kwako. Chagua popote."

Nyie, nilimwona kaka yangu anacheza! Mtu wa miaka arobaini, uwani, na bakuli la uji mkononi. Alichagua Amsterdam. Alitaka ayaone yale mafundo kwa macho yake, dirishani, moja baada ya jingine, na amshike Fikirini shati amlete. Alitoa pasi ya kusafiria. Alishonesha suti kwa fundi wa Msimbazi, ya rangi ya udongo, ilimkaa vizuri. Alinionyesha kiti alichokitaka, upande wa kushoto nyuma ya bawa, asubuhi jua haliji usoni. Miaka kumi na nne alikuwa akiwapangia wengine viti.

Mwezi wa nane moyo wa mama ukachoka. Daktari alitwambia mrudisheni nyumbani, akae na watu wake, hana siku nyingi. Tukamlaza chumba cha mbele. Usemi wake ulikuwa mmoja: "Fikirini." Fikirini tukampigia, akalia kwenye simu, akasema sina nauli kwa sasa, mambo yamebana. Baharia wa miaka kumi na moja! Mimi nilitukana pale ofisini mpaka Ravindra akainuka akafunga mlango.

Haruna hakutukana. Alifungua droo, akaitoa tiketi yake, akaiweka mbele ya Ravindra. "Igeuze. Aje nayo yeye."

"Haruna bhai, hii ya kwako."

"Igeuze."

Mama yake Ravindra mwenyewe alikufa akimwita mwanawe mwingine aliyehamia Uingereza, hilo tulilijua. Akachukua simu, akaongea na wakubwa wa shirika siku mbili, anabembeleza, anagomba Kigujarati na Kiingereza na Kiswahili, mpaka wakakubali: jina libadilishwe, safari ianzie kule, Fikirini akachukue tiketi uwanjani kwao. Jumatano, ndege ya asubuhi. Fikirini akaapa kwenye simu. "Wallahi napanda. Mwambie mama Jumatano nipo."

Mama tulipomwambia, akakaa. Wiki nzima alikuwa haketi bila kushikwa. "Ataondoka huko saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi ya hapa kwetu, mama," Haruna akasema. "Atatua saa mbili na nusu usiku."

"Basi nitangoja," mama akasema. Alisema kama mtu aliyeambiwa kikombe cha chai kinakuja.

Jumatano hiyo sikwenda sokoni. Saa tano kamili Haruna alimshikisha mama mwanzo wa uzi. "Sasa anaruka." Kisha akatoka kwenda ofisini, maana kazi ni kazi, na pia alitaka uhakika. Pale mjini kuna ofisi ya lile shirika, na ndani yake kuna dada mmoja, Candida, anayepokea orodha ya abiria baada ya ndege kuondoka. Haruna alimwomba amtazamie jina.

Saa nane kasoro alirudi nyumbani. Mtu ambaye hakuwahi kutoka kazini mapema miaka kumi na nne. Alipita chumba cha mama bila kuingia, akaniashiria uwani. Nilikuwa naosha mchele.

"Hayumo," akasema.

"Nani hayumo?"

"Fikirini. Hakuchukua tiketi. Candida ameipitia orodha mara tatu. Kiti kimekuja kitupu."

Sijui nilichosema. Nakumbuka bakuli la mchele lilikwenda ukutani, na kuku wakakimbilia. Nilimwita Fikirini majina ambayo siwezi kuyarudia. Mshenzi! Mtoto wa mama yangu ni mshenzi! Alimwacha na sufuria motoni, na sasa anamwacha na roho kooni? Haruna alinishika mdomo. Mkono wake ulikuwa unanuka karatasi za ofisini.

"Punguza sauti. Atasikia."

"Asikie! Namwambia sasa hivi. Namwambia mwanawe mpendwa amemtupa mara ya pili."

"Halafu?" Haruna akaniuliza. "Ukimwambia, halafu?"

Kutoka chumbani mama akaita. "Haruna! Nimekusikia viatu. Fundo la ngapi, baba?"

Nikamtazama. Nilitaka kuona atafanya nini, huyu mtu asiyeweza kumdanganya hata mume wa Mektilda. Akaangalia saa yake ya mkononi. Akaingia ndani, mimi nyuma yake, akapiga magoti kando ya kitanda, akakishika kidole cha mama na kukisogeza juu ya uzi.

"La tatu, mama. Bahari wameivuka. Wanaingia Afrika."

"Afrika!" mama akasema, na uso wake wote ukafunguka. Wallahi sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Fikirini dakika ile, na Haruna nikamchukia kidogo pia, kwa jinsi alivyolisema lile jambo vizuri.

Ikawa ndiyo kazi yake alasiri nzima. Saa tisa, fundo la nne: jangwa tupu, mchanga mpaka upeo wa macho, mama, hakuna hata mti. Saa kumi, la tano: wameingia Sudani. Saa kumi na moja, la sita: Khartoum, pale Nili mbili zinapokutana, ukikaa upande wa kushoto unaziona. Na masaa yote yalikuwa ya kweli! Hapo ndipo hasira zinaponishika mpaka leo. Ndege ilikuwepo kweli. Ilipita kweli juu ya Khartoum saa kumi na moja, pengine kwa tofauti ya dakika mbili tatu. Kila alichokisema Haruna kilikuwa sahihi isipokuwa mtu mmoja.

Mama akageuza uso wake upande wangu. "Shamsa, mbona umenuna? Umepika? Mtoto atafika na njaa. Mtafutieni samaki wenyewe, ninamjua yule, hatakuja naye." Akacheka kwa kukohoa.

Nitafanya nini? Jirani alikuwa ametoka Feri na changu wawili, nikamwomba. Nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi tatu. Nilizikuna kwa hasira mpaka zikawa unga, nikajikata kidole, nikaendelea. Nikachuja tui zito kwa ajili ya mtu ambaye hayupo hewani wala nchi kavu, mtu ambaye pengine wakati ule alikuwa amelala Roterdamu na blanketi lake. Machozi yaliingia humo mchuzini. Sikutia chumvi nyingine.

Saa kumi na mbili, fundo la saba. Pumzi za mama zilikuwa zimeanza kuachana. Haruna akaniambia polepole nikae karibu. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa msikiti wa mtaani kwetu, mama akainua kidole, akakishusha. Akapumzika. Kisha akauliza, na sauti ilikuwa imebaki ya juu juu tu, "Sasa?"

"Linaingia la nane, mama. Wako juu ya Ziwa Turkana. Wameshaingia Kenya."

"Kenya ni hapa hapa."

"Hapa hapa, mama."

"Basi amekuja," mama akasema. "Amekuja kweli. Mimi mlangoni sitamfikia, Haruna. Nimechoka." Akavuta pumzi. "Akiingia mwambieni samaki nimemsamehe. Radhi zangu za uchungu na za maziwa anazo, duniani na akhera. Mumwambie nilizitoa kwa mkono."

Na akaunyoosha mkono wake hewani, kuelekea mlangoni. Haruna akaupokea. Nilitaka kupiga kelele. Radhi za miaka kumi na moja! Radhi ambazo Haruna mwenyewe hakuwahi kupewa kwa sauti kiasi hicho, maana zake zilitoka kila siku bila sherehe, pamoja na uji. Neno lilikuwa mdomoni: mama, hayumo; mama, amekudanganya tena. Nikalimeza. Haruna akainama sikioni kwake, akamsomea shahada, naye akaifuata mpaka mwisho. Ilikuwa saa moja kasoro dakika tano. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya fundo la nane.

Nyumba ikajaa. Vilio, mikeka, majirani wanahamisha viti. Katikati ya vilio vile nikamwona Haruna amesimama kwenye kona ya uwani anaangalia saa yake. Ilikuwa saa mbili na nusu. "Imetua," akasema, hakumwambia mtu. Wale changu wa nazi wakaliwa na watu wa matangani. Wakasifu mchuzi.

Tulimzika Alhamisi saa nne, makaburi ya Kisutu. Sisi hatungoji mtu, na siku ile hatukuwa na wa kumngoja. Haruna ndiye aliyeshuka kaburini akampokea. Alivaa ile suti ya rangi ya udongo, aliyoishonesha kwa safari, akapanda nayo kutoka kaburini magoti yake yamejaa mchanga. Ravindra alifunga ofisi, akasimama nje ya ukuta wa makaburi na kofia mkononi mpaka wanaume wakatoka.

Jumamosi, baada ya hitma, Ravindra alituma mtu. Fikirini yuko kwenye simu, atapiga tena saa sita. Nikaenda na Haruna, tukakata Mnazi Mmoja. Simu ilipolia Haruna akanyoosha mkono, mimi nikawahi.

Alikuwa ameshaambiwa, analia kama mtoto. Nikamwacha alie. Simu ilikuwa ya kwake, na dakika ni za kwake. Halafu akaanza kujieleza. Alifika mpaka uwanjani, akasema. Aliiona ndege kwenye kioo. Begi lilikuwa mkononi. "Nikaogopa, Shamsa. Niliogopa macho yake. Nitamtazama vipi machoni baada ya yale? Nikasema niende wiki ijayo, nijitayarishe kwanza. Si mbali, nilijua nikitaka masaa tisa tu..."

"Macho gani?" nikamuuliza.

"Ya mama."

"Macho ya mama yalishaziba, Fikirini. Mwaka wa tano huu. Ungesimama mbele yake asingekuona. Alitaka mkono."

Ukabaki ule mvumo wa simu za mbali. Haruna alikuwa karibu yangu, anatingisha kichwa, basi Shamsa, basi. Ravindra alikuwa amegeukia dirishani. Ile sauti ya Roterdamu ikarudi, nyembamba, na nilijua inaulizia nini kabla haijamaliza.

"Mdogo wangu. Niambie jambo moja tu. Alinipa radhi?"

Haruna akaiomba ile simu kwa macho. Angempa. Angemwambia ndiyo, samaki amesamehewa, lala salama. Haruna ni mtu mwema. Mimi nauza nazi.

"Alikupa," nikasema. "Zote. Jumatano, saa moja kasoro dakika tano. Alimpa Fikirini aliyekuwa ndani ya ndege, juu ya Ziwa Turkana, kiti cha kushoto nyuma ya bawa. Ziko hukohuko. Panda ukazichukue."

"Shamsa..."

"Si mbali," nikamwambia. "Masaa manane tu."